Filimbi kabla ya fulana: barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Elimu

Kwa Mkurugenzi wa Elimu,
Kaunti ya Nakuru.

MINT: SAFARI ZA WANAFUNZI MAPORINI

Mheshimiwa Mkurugenzi, pokea salamu kutoka Kiamunyi.

Mwaka jana binti yangu wa gredi ya saba alishuka shimo la volkano la Menengai na wenzake. Barua ya shule ilidai nauli, pesa za chakula na za fulana yenye nembo. Kuhusu maji haikusema neno.

Wanne walichepuka njia wakapige picha. Ukiwa kule juu, Menengai ni kama karai. Ukishaingia ndani vichaka vya leleshwa vimekupita kimo, mawe ya volkano ni yale yale kila upande, na shimo lenyewe lina upana wa kilomita 12 hivi. Basi wakazidi kutembea, tena mbiombio, wakizidi kupotea. Aliyewaokoa ni mvulana mmoja aliyezoea kuchunga mbuzi. Aliwaketisha kivulini, akachukua mkebe wa chakula akaugonga kwenye jiwe mara tatu, akatega sikio, akagonga tena mara tatu. Mwalimu aliufuata mlio huo akawapata saa kumi na mbili jioni. Binti yangu alirudi soli zimechanika na midomo imekauka. Wote wanne walikuwa wamegawana soda moja.

Wazee huliita shimo hilo Kirima kia Ngoma, yaani kilima cha mashetani kwa Kikuyu, ati mashetani ndiyo hupoteza watu. Sibishani nao, ila naona mashetani hayo hayamwezi mtu aliyeketi chini akapiga kelele.

Ombi langu ni hili: ofisi yako isipitishe safari ya porini mpaka watoto wafanye mazoezi ya saa moja uwanjani. Wasisomewe tu, wafanye. Ukipotea, simama. Piga filimbi mara tatu, pumzika, rudia. Wapewe pia saa ya kurudi, kwa sababu huku kwetu giza halibishi hodi. Jua likizama, nusu saa baadaye huoni unapokanyaga.

Na wanaokwenda kwenye korongo la mbuga ya Hell's Gate, kule Naivasha, waambiwe wazi kuhusu maji ya ghafla. Aprili 2012 vijana saba wa kanisa walifagiliwa na mafuriko ndani ya korongo lile, na Septemba 2019 wakafa watu saba wengine. Mvua hainyeshi lazima juu ya kichwa chako. Hunyesha mbali huko juu, nawe umesimama penye jua, na ukuta wa maji unakuja. Mawingu yakitanda upande wa juu, korongoni hapaingiwi, hata kama kiingilio kimeshalipwa.

Kuhusu nyoka, kuna walimu wanaotembea na wembe hadi leo. Jeraha la nyoka halichanjwi, halinyonywi, wala halikazwi kamba. Aliyeumwa avuliwe pete na bangili, atulizwe, abebwe hospitali.

Wa kufundisha wapo: maskauti, askari wa misitu, hata wazazi wachungaji. Gharama ni filimbi na chupa ya maji.

Fomu ya safari ya muhula huu imeshafika nyumbani. Fulana imepanda bei. Nimeandika pembeni kwa kalamu nyekundu, "Filimbi je?", na sahihi yangu sijaitia.

Mzazi, Kiamunyi