Barua ya Wazi kwa Mpwa Wangu Aliyeanza Kufundisha Fizikia Makete

Mpwa wangu mpendwa,

Nimefurahi kusikia kwamba umeripoti salama kituoni kwako na kwamba baridi ya huko kandokando ya uwanda wa Kitulo haijakushinda. Uliniuliza kwenye simu alikuwaje yule mwalimu wa fizikia ambaye watu wa rika langu hapa Mbeya hawachoki kumtaja, nami nikakujibu kwa mkato kwa kuwa nilikuwa msibani kwake. Sasa nakujibu kwa kirefu na hadharani, maana tuliopita mikononi mwake ni wengi, na huenda wengine wakapenda kuniongezea au kunikosoa.

Siku ya mazishi wasemaji walipokezana kipaza sauti wakihesabu madaktari na wahandisi aliowatoa. Siikatai hesabu hiyo, lakini naona sifa ya namna hiyo inampunja. Wenye vichwa vyepesi wangepenya hata kama wangefundishwa na mtu mwingine. Alama yake hasa iko kwa wale ambao baada ya kidato cha nne hawakugusa tena kitabu cha fizikia, na hao hawakupewa nafasi ya kusema.

Shule yetu ilikuwa katika milima ya Uporoto, kwenye mwinuko wa mita zipatazo 2,200, na maabara yake ilikuwa chumba kimoja chenye kabati la vioo lililofungwa kwa kufuli. Siku moja binti mmoja wa Kyela aliuliza darasani kwa nini maharage ya shuleni hayaivi, ilhali kwao yakiinjikwa asubuhi, adhuhuri yanaliwa. Tulicheka, kwa sababu tuliliona kuwa ni swali la jikoni na si la darasani. Mwalimu hakucheka wala hakujibu. Alisema, "Tukapime," neno ambalo tulikwisha kulifanya jina lake la nyuma ya mgongo, kisha akafungua kabati, akatoa kipimajoto, akatuongoza hadi jikoni na kumwomba mpishi radhi kabla ya kufunua sufuria. Maji yalikuwa yakitokota kwa kishindo na mvuke umejaa jiko zima, lakini zebaki ilipanda hadi nyuzi 93 ikagota hapo. Mpishi, ambaye alihisi anashutumiwa kwa uvivu, akasukumia kuni zaidi. Maji yakazidi kuruka na kumwagika motoni, zebaki haikusogea.

Mwalimu mwingine angetoa maelezo palepale. Yeye alikiviringisha kipimajoto katika soksi nene, akamkabidhi yule binti likizo ilipofika, akamwagiza apime maji yanayochemka nyumbani kwao na kuandika anachokiona. Alirudi na jibu la nyuzi 98 na nusu, na kipimajoto kizima, jambo ambalo nadhani lilimfurahisha mwalimu kuliko jibu lenyewe. Ndipo akaazima ramani ya mwalimu wa jiografia, tukasoma mistari ya mwinuko, tukaona kwamba Kyela, iliyo karibu na Ziwa Nyasa, iko kwenye mita zipatazo 500 tu. Tofauti ya mita 1,700 tukaigawa kwa nyuzi tano na nusu, tukapata kwamba kila unapopanda mita 300 na ushei, maji huchemka mapema kwa uzi mmoja hivi. Kanieneo ya hewa alitufundisha baada ya hapo, wakati sisi wenyewe tulikuwa tumekwisha kuihitaji: hewa ya juu inaelemea maji kwa nguvu ndogo, kwa hiyo yanageuka mvuke kabla hayajapata joto la kutosha kulainisha maharage haraka.

Alipenda pia kutusimulia habari za Erasto Mpemba, ambaye mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa kidato cha tatu katika shule ya Magamba, aliona maziwa yake ya aiskrimu aliyoyaweka kwenye jokofu yakiwa bado moto yakiganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Alipouliza aliambiwa amechanganyikiwa. Aliuliza tena alipokuwa Mkwawa, hapo Iringa, safari hii mbele ya Denis Osborne wa chuo kikuu cha Dar es Salaam aliyekuwa amewatembelea. Wanafunzi wenzake wakacheka, lakini mgeni akaenda kujaribu, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala yao. Wanasayansi wanabishana hadi leo kama jambo hilo hutokea kila mara na kwa sababu gani. Sisi hatukuwa na jokofu, basi usiku mmoja wa Juni wenye dalili za sakitu tuliacha nje masufuria mawili, moja la maji moto na jingine la maji baridi. Asubuhi yote mawili yalikuwa maji matupu. Mwalimu aliandika ubaoni tarehe, vipimo, na mwishoni "hatukupata jibu," akatutaka tunakili hivyohivyo.

Usidhani alikuwa malaika. Silabasi hakuimaliza kwa wakati hata mwaka mmoja, na Jumamosi zetu ndizo zilizolipa deni hilo.

Sasa nikuonyeshe ninaowasema. Mwenzetu mmoja ni mkulima wa viazi mviringo hukohuko Uporoto. Unajua jinsi lumbesa inavyowatafuna wakulima wetu: gunia linajazwa, linashonewa kofia juu, linajazwa tena, na bei inabaki ya gunia moja. Yeye ameweka mizani shambani, na dalali akifika na magunia yake huambiwa kwa upole kwamba hapa tunapima kwanza. Wapo waliomkimbia, na msimu mwingine viazi vyake huchelewa kutoka, kwa hiyo sisemi kwamba mizani imemtajirisha. Yule binti wa Kyela naye ni muuguzi katika zahanati moja ya milimani. Kwake vifaa vya kushonea vidonda havichemshwi kwenye sufuria ya wazi, kwa kuwa anajua fika kwamba maji ya huko hayafiki hata nyuzi 95. Anavitia kwenye chombo cha mvuke kinachofungwa hadi kifike nyuzi 121, na wanafunzi wa uuguzi wanaopelekwa kwake kujifunza kazi huonyeshwa kipimajoto kabla ya kuelezwa lolote.

Uwanda wa Kitulo kwa sehemu kubwa uko kwenye mita zipatazo 2,600. Kwa hesabu ile ya ramani nakisia kwamba maji ya huko yanachemka kwenye nyuzi 91 na kitu. Wapeleke vijana wako jikoni kwa mpishi wa shule, mkamwombe radhi kwanza, kisha uniandikie mlichokiona, hata kama kitaonyesha kwamba nimekosea.

Mama yako anakusalimu, na anauliza kama lile blanketi zito limekufikia.

Mjomba wako,
Mbeya