Anayepima presha nyumbani aulizie pia hali ya akili

Mhariri,

Sisi wakazi wa Nairobi wenye wazazi mashambani tunavijua vizuri vifurushi vya dawa za presha na kisukari vinavyosafirishwa kwa matatu kutoka River Road, mtaa wa maduka katikati ya jiji. Mtoto hununua amlodipini na metformini za mwezi mmoja, akazifunga, akaandika juu yake jina na nambari ya simu, kisha akalipia mzigo. Mwezi ambao mshahara umechelewa, mzee hunywa kidonge leo na kuruka kesho, na hakuna anayegundua mpaka siku atakapopooza upande mmoja.

Sisemi kwamba serikali imelala. Mnamo Septemba 2023, wahudumu wa afya ya jamii wapatao laki moja walizinduliwa rasmi na kupewa mikoba yenye vipimo vya presha na sukari ili wapite nyumba kwa nyumba. Tangu Oktoba 2024, bima mpya ya afya ya SHA ilipochukua nafasi ya ile ya zamani ya NHIF, matibabu katika zahanati na vituo vya afya yanapaswa kulipiwa na hazina ya afya ya msingi. Tatizo ni kwamba mgonjwa aliyekutwa na presha iliyopanda hadi 160 kwa 100 akitumwa zahanati, mara nyingi huambiwa dawa zimeisha, naye hurudi kusubiri kifurushi cha River Road.

Hata hivyo, kilichonisukuma kuandika ni kile ambacho mkoba ule haukipimi. Mama mwenye kisukari aliyeacha dawa, asiyelala, asiye na hamu ya kula wala ya kwenda kwenye chama chake cha akiba, huitwa mkaidi, na wapo watakaosema amerogwa, ilhali huenda anaugua mfadhaiko, yaani ugonjwa wa akili uitwao depression. Aliyekata tamaa hafuati masharti ya chakula wala ya dawa, na sukari isiyodhibitiwa nayo humzidishia uchovu na huzuni, kwa hivyo kutibu kimoja na kukiacha kingine ni kutwanga maji kwenye kinu. Familia nyingi husubiri hadi mgonjwa afungwe kamba, ndipo aletwe huku Mathari, hospitali ya magonjwa ya akili iliyoanza mwaka 1910 na ambayo bado inabebeshwa mzigo wa nchi nzima.

Mhudumu anayesubiri kipimo cha presha kitoe jibu ana nafasi ya kuuliza kama katika majuma mawili yaliyopita mtu huyo amepoteza hamu ya mambo aliyoyapenda, au amekuwa na huzuni isiyoisha. Maswali hayo yanajulikana kitaalamu na hayahitaji mashine. Zimbabwe, Daktari Dixon Chibanda aliwafundisha akina nyanya kuwasikiliza wagonjwa kwenye benchi nje ya kliniki za Harare, na utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa waliohudumiwa hivyo walipata nafuu zaidi ya waliopewa huduma ya kawaida. Harare ni jiji, ni kweli, lakini nyanya wenye busara hawajawahi kuadimika vijijini kwetu.

Zamani mhudumu angeogopa kuuliza kuhusu mawazo ya kujiua, kwa kuwa aliyejaribu alihesabiwa mhalifu. Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa, kinakiuka Katiba, na sioni kwa nini mafunzo ya wahudumu yaendelee kulikwepa jambo hilo.

Kazi hii isiongezwe bure, lakini. Posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi, inayogawanywa nusu kwa nusu kati ya kaunti na serikali kuu, ilipwe kwa wakati kabla ya yeyote kubebeshwa jukumu jipya.

Kwa kuwa afya imo mikononi mwa kaunti tangu 2013, nawaomba wawakilishi wadi wanaposoma makadirio ya bajeti wadai fungu la dawa za presha, kisukari na mfadhaiko kwa kila zahanati, pamoja na muuguzi aliyefunzwa kuwapokea wagonjwa wanaotumwa na wahudumu hao.

Msomaji wako,
Kayole, Nairobi