Risala ya vijana wa mdahalo Wete, Pemba, kwa mgeni rasmi: kiongozi akichunguzwa akabidhi funguo

Mheshimiwa mgeni rasmi, sheha wetu, walimu, wazee wetu na vijana wenzetu, Assalaam aleikum.

Kwanza ahsante kwa kuja, barua yetu tuliichelewesha na barabara ya huku na mvua hizi za masika unaijua mwenyewe, lakini umefika alhamdulillah.

Mheshimiwa, sie hukutana kila Jumaamosi baada ya laasiri tukafanya mdahalo, na mada iliyotukalisha mpaka magharibi mara tatu mfululizo ni hii ya kiongozi anapokua anachunguzwa, afanye nini, akae vipi. Wengine walisema abaki kwenye kiti mana hajahukumiwa, na kweli Katiba ya Jamhuri ya Muungano ibara ya 13 inasema mtu asitendewe kama mkosa mpaka ithibitike. Hilo hatulipingi hata kidogo. Lakini kutokua na hatia ni kitu kimoja na kushika funguo za kabati lenye mafaili yanayokuhusu ni kitu chengine.

Tuna sanduku letu la hisa, la kuweka na kukopeshana pesa, lina kufuli tatu na funguo wanashika watu watatu. Mwaka jana hesabu ilipungua na macho yote yakamuelekea mshika fedha wetu. Yule dada hakulia wala hakugomba, alifungua pindo la kanga yake akatoa funguo akaiweka juu ya mkeka mbele ya watu, akalisogeza na daftari, akasema hesabuni bila ya mimi na mkinihitaji kuniuliza nipo nyumbani. Zilipita wiki mbili, na wiki mbili hizo kijiji kilisema mengi. Ikaja kuonekana pesa za turubai ziliandikwa mara mbili, bas. Siku anarejeshewa funguo yake hakuna hata mmoja aliyenung'unika, na mpaka leo hatuna tunaemuamini kama yeye.

Sasa mheshimiwa tunajiuliza, kama msichana wa miaka 22 anaweza kwa sanduku la hisa, mkubwa kinamshinda nini? Na wapo waliofanya. Mzee wetu Ali Hassan Mwinyi Allah amrehemu, akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani, watuhumiwa walikufa mikononi mwa vyombo vya dola huko Mwanza na Shinyanga, yeye hakumgusa mtu lakini mwaka 1977 akajiuzulu, na hakuzikwa kisiasa, 1984 akawa Rais wa Zanzibar na 1985 Rais wa Muungano. Ilipozama meli ya abiria MV Skagit Julai 2012 waziri wetu wa Zanzibar wa Miundombinu na Mawasiliano, Hamad Masoud, nae aliachia ngazi. Bara kuna Lowassa, Februari 2008 ripoti ya kamati ya Bunge kuhusu mkataba wa umeme wa kampuni ya Richmond ilivosomwa bungeni aliacha uwaziri mkuu, ila alilalamika kwamba kamati haikumuita kumuhoji, na hapo sie tulimuunga mkono mana anaechunguzwa asikilizwe, asije akasoma jina lake kwenye ripoti kama msomaji wa gazeti.

Kinachotuuma ni ile namna nyengine. Kiongozi anaulizwa pesa zimekwenda wapi, badala ya kujibu anasema wabaya wake wanamchafua, anasema ni chama chake kinaandamwa au ni Pemba inaonewa, mchele unagawiwa, vijana wanapakiwa kwenye gari na fulana mpya wakaimbe nje ya ofisi anayohojiwa. Tunasema kwa uchungu mana baadhi yetu hapa tulishapanda gari hizo, tukaimba, na hatukujua hata tuhuma yenyewe ni ipi. Shahidi aliekua ndani siku ile alizisikia sauti zetu. Nani ataeleza ukweli hali anasikia ngoma dirishani?

Kwa hivo mheshimiwa tunaomba mambo matatu. Ukirudi Baraza la Wawakilishi lisemee hili, sheria iseme wazi kwamba kiongozi akichunguzwa na ZAECA, mamlaka ya kuzuia rushwa Zanzibar, au Tume ya Maadili ya viongozi akae pembeni na mshahara wake aendelee kuupata, na uchunguzi uwekewe muda, usimuachie mtu jina chafu miaka na miaka. Pili, uchunguzi ukimalizika tuambiwe matokeo, hata kama hakukosa, tena khasa kama hakukosa. La tatu ni letu wenyewe, tunaazima spika kila tukikutana na viti havitoshi, ukituwezesha tutashukuru.

Na wewe binafsi baba yetu, tunakuombea yasikufike, lakini yakikufika usituletee gari.

Tunaomba kuwasilisha. Wabillahi tawfiq.