Wako, Popo

Swahiba wangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Ya kwanza nilikasirika, ya pili nikacheka. Eti mimi ni popo: si ndege, si mnyama! Wenzetu wa mrengo wa kushoto kabisa wananiona nimelegea, wa kulia wananiona mkomunisti aliyevaa suti, na sasa hata wewe. Haya, jina nimelipokea. Nipe basi nafasi nijitetee.

Unasema mikutano ya tabianchi ni porojo za watu waliopanda ndege kwenda kulalamikia moshi. Hapo sikubishii sana. Mkataba wa kwanza ulitiwa saini Rio de Janeiro mwaka 1992, ukaja wa Kyoto 1997, ukaja wa Paris 2015. Ilibidi tufike Dubai, 2023, ndipo tamko la mkutano mzima likathubutu kusema dunia ianze kuachana na nishati za kisukuku, yaani makaa, mafuta na gesi. Zaidi ya miaka thelathini kuutaja ugonjwa kwa jina lake! Na mwaka uliofuata ukawa wa joto kuliko yote iliyowahi kupimwa, wa kwanza kuvuka nyuzi 1.5 juu ya hali ya kabla ya mapinduzi ya viwanda. Najua, lengo la Paris la kujitahidi tusivuke kiwango hicho hupimwa kwa wastani wa miaka mingi, mwaka mmoja haulivunji. Usianze kunipigia hesabu hizo. Zinanifariji siku moja tu.

Ila uliposema kura haibadilishi kitu, hapo umeteleza. Agosti 2022 Seneti ya Marekani iligawanyika 50 kwa 50 juu ya sheria kubwa kuliko zote za tabianchi nchini humo. Kamala Harris, akiwa Makamu wa Rais, akapiga kura ya kuamua, ikapita. Julai 2025 Seneti ikagawanyika tena 50 kwa 50, safari hii juu ya sheria ya kuikatakata ile ya kwanza. Makamu wa Rais sasa ni JD Vance. Ikapita. Kiti kilekile, ila aliyekikalia si yule wa jana. Halafu uniambie tukae nyumbani.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba sehemu kubwa ya viwanda vipya vya betri na sola ilijengwa katika majimbo ya uchaguzi ya walewale waliokuja kuinyonga sheria iliyovileta. Watu walipata ajira, hawakujua imetoka wapi. Sisi tulikuwa wapi? Tulikuwa tunachora grafu.

Nakueleza hivi kwa sababu ya jambo lililonipata Jumamosi. Tulikuwa tunagonga milango, mimi na karatasi zangu zenye mchoro mzuri wa lengo letu la tabianchi la mwaka 2050. Mlango mmoja akafungua mama, mtoto amemlalia begani. Akaichukua karatasi akaisoma yote, hata yale maandishi madogo ya chini ambayo mimi mwenyewe sijawahi kuyasoma. Akanirudishia, akasema kwa kunong'ona asije akamwamsha mtoto: "Hii ya 2050 nimeielewa. Ya mwisho wa mwezi hukuja nayo?"

Sikuja nayo. Nilijiumauma pale mlangoni kama mwanafunzi asiyefanya kazi ya nyumbani.

Wafaransa walikwisha kutuambia haya. Novemba 2018 watu wa vizibao vya njano walifunga barabara kwa sababu ya kupandishwa kwa kodi ya mafuta ya magari, na magazeti mengine yakawaita maadui wa mazingira. Hawakuwa maadui. Wengi walikuwa wanakaa mbali na kazini, usafiri wa umma hakuna, na serikali hiyohiyo ilikuwa imetoka kuwapunguzia matajiri kodi ya mali zao. Walikuwa na msemo wao: mwisho wa dunia, mwisho wa mwezi, vita ni moja. Desemba nyongeza hiyo ya kodi ikawekwa kando.

Ndiyo maana siamini ile njia yako ya kumwaga rangi ukutani na kusubiri mfumo uanguke. Mfumo ukianguka, wa kwanza kufunikwa na kifusi ni yule mama. Lakini siwaamini pia wakubwa wa chama changu wanaodhani soko litajipanga lenyewe, eti kwa kuwa paneli za sola zimeshuka bei. Zimeshuka kweli, tena sana. Nani lakini anamkopesha mpangaji azifunge kwenye paa lisilo lake? Hapo ndipo serikali inapotakiwa, na hapo ndipo kazi yetu ilipo: bili ipungue kwanza, basi lipite mtaani kwanza, mchimba makaa apate kazi nyingine kabla mgodi haujafungwa. Tuyaseme hayo tukiwa mlangoni, tusingoje waandishi waje kutusemea. Polepole mno, utasema. Kweli ni polepole, na kuna usiku nalala nikiogopa kwamba ni polepole kupita kiasi.

Karatasi nimeiandika upya. Ile 2050 nimeitoa, imebaki ukurasa mmoja tu: bili, basi, ajira. Jumamosi hii narudi kwenye mlango uleule kabla ya mwingine wowote, kwa sababu deni ni deni. Njoo twende. Wewe utagonga, mimi nitashika karatasi, na tukifukuzwa utapata hadithi ya kunicheka mwaka mzima.

Wako,
Popo