Mwanangu, lile kopo usilifungue tena

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Sisi huku Tanga hatujambo. Bibi yako goti linamsumbua tangu mvua zianze, lakini anakula vizuri na jioni anatoka barazani.

Mjomba wako alinipigia simu Jumapili usiku alipotoka kukutembelea. Amenieleza habari ya kopo la unga lililo kwenye tranka lako chini ya mashuka, lisilo na jina la kiwanda wala namba ya usajili, na kwamba unakoroga kijiko asubuhi na kijiko usiku ili urefuke na kifua kijae. Tangu hapo usingizi wangu ni wa kushtukashtuka. Simu hamruhusiwi, ndiyo maana nimemwomba yeye akuletee barua hii, na neno langu kubwa ni hilo moja: usinywe tena unga ule. Usimpe na mwenzio.

Maneno ya wenzako bwenini nayajua, huna haja ya kunihadithia. Na ya shangazi zako siku mdogo wako Zuhura alipopimwa mlangoni akakupita kimo, unayakumbuka kuliko mimi. Lakini Zuhura ana miaka 12 na wasichana hututangulia, karibu miaka miwili hivi. Sasa hivi yumo kwenye kasi yake. Yeye atasimama mapema, wewe ndio kwanza utakuwa njiani.

Wewe umekulia dukani kwangu, ila sidhani kama uliwahi kutazama nikipima vijana. Kila Januari mvulana wa rika lako anakuja na mama yake, kaptula ya mwaka jana bado inamtosha, shati linamtosha, mama analalamikia viatu tu: vya juzi, leo havimwingii. Ikifika katikati ya mwaka anarudi na suruali imepanda juu ya kifundo. Mabega huja mwisho, shati linabana mgongoni wakati miguu imeshatulia. Nyayo na viganja hutangulia, kisha miguu na mikono, kisha kiwiliwili. Wewe mwaka juzi ulivaa viatu namba 38, Januari hii nimekununulia 41. Suruali ni zilezile. Nilipoona hivyo nikakuachia pindo la inchi nne kila mguu. Libinue ulitazame. Sikupoteza kitambaa bure.

Nimekwenda pia kwa yule daktari ninayemshonea makoti meupe. Nikamweleza yote. Akasema wavulana huanza kubadilika popote kati ya miaka 9 na 14, na wote hao ni wazima. Chini ya ubongo kuna tezi ndogo, ukubwa wa njegere, inaitwa pituitari. Saa yake ikifika hupeleka ujumbe kwenye korodani, nazo zikakua na kutengeneza testosteroni, homoni ya kiume, na hapo ndipo mengine yanafuata: nywele, jasho la kwapa lenye harufu, chunusi, sauti, misuli. Kurefuka sana kwa mvulana huja katikati ya safari, si mwanzoni. Kasi ikipamba moto, mtu anaweza kuongeza sentimita 9 au 10 kwa mwaka mmoja. Akaniuliza mimi nilirefuka lini. Nikamwambia nikiwa na miaka 16, na babu yako vivyo hivyo, mpaka wakamwita majina. Akasema basi, kuchelewa huku mara nyingi hurithiwa.

Sasa sikiliza habari ya unga. Mifupa mirefu ina sehemu za gegedu, yaani mfupa laini, karibu na ncha zake, na hapo ndipo urefu unapoongezeka. Ukuaji ukiisha gegedu hizo hugeuka mfupa na kufunga, na zikifunga hazifunguki tena kwa dawa yoyote. Unga na vidonge vinavyouzwa jimu bila jina, vingine hutiwa homoni za jamii ya testosteroni. Kijana akizimeza kifua kinajaa haraka kweli, lakini mifupa inaweza kufunga kabla ya wakati, na urefu atakaokuwa nao siku itakapofunga ndio wa kuzikwa nao. Wewe bado una pindo la kuachia, na mtu amekuuzia mkasi. Vingine hutiwa deksamethasoni, ileile wanayouziwa wanaotaka kunenepa: uso unavimba, watu wanasema umependeza, kumbe inazuia kimo. Ndani ya kopo lako mna nini sijui, na aliyekuuzia hajui pia. Hilo ndilo linaloniogopesha.

Daktari ameuliza umelitumia muda gani. Mjomba anasema wiki mbili. Kama ni zaidi, mwambie ukweli siku hiyohiyo atakapokupa barua hii, maana zipo dawa zisizoachwa ghafla mtu akishazizoea, na itabidi uonwe mapema. Sitakugombeza kwa hilo.

Nitakugombeza kwa jingine. Shilingi 15,000 ulizonunulia kopo uliziomba za daftari na kitabu cha mazoezi cha Hisabati. Nilizituma siku ileile, mama yako akaahirisha kununua gesi. Mtoto aliyepata 87 ya Hisabati anajua hesabu hiyo haikukaa sawa. Alama zako nimezibandika ukutani juu ya cherehani, kila mteja anaziona na mimi namweleza ni za nani. Ndiyo maana iliniuma.

Mjomba amesema pia huvui tena shati mpirani. Kama ni kwa ajili ya uvimbe mdogo chini ya chuchu, unaouma ukiguswa, karibu nusu ya wavulana hupata hivyo wakibalehe. Homoni bado hazijatulia. Kwa kawaida huondoka wenyewe, miezi sita, wakati mwingine miaka miwili. Ukikua sana au ukitoa majimaji, ndipo tumwone daktari. Usiukamue, usiupake kitu.

Na sauti. Ustadhi anauliza kwa nini uliacha kasida. Zoloto la kooni linakua, nyuzi za sauti zinarefuka na kuwa nene, ndiyo maana inakatika katikati ya beti. Itatulia, na utakuwa na sauti nzito kama ya babu yako, ambayo watu wa Ngamiani walikuwa wakiitambua kwenye adhana. Usiiache. Mambo ya josho ulishafundishwa madrasa, sirudii.

Homoni ya kukua hutoka zaidi katika usingizi mzito, kwa hiyo kukesha na tochi hadi saa nane za usiku hakukusaidii. Kula maharage ya shule hata kama hayana chumvi, na kila yai mjomba atakaloleta.

Likizo ya Juni nitakupeleka mwenyewe kwa daktari. Atakupima, na akiona haja watapiga picha ya eksirei mkono wa kushoto, wanasoma umri wa mifupa kwenye kiganja na kifundo. Hakuna sindano. Kopo mpe mjomba likiwa na unga uliobaki, daktari anataka kuliona. Usilimwage chooni kwa kuogopa. Na usilifungue, mwanangu, nakuomba.

Huku cherehani ya umeme imekatika mkanda, nashonea ile ya miguu na oda za mahafali zimenielemea. Mbuzi wa bibi amezaa mapacha, mmoja ni wako kwa mujibu wa bibi. Bati la jikoni fundi amelipiga lami, halivuji. Mama yako anauliza chandarua kama kimetoboka. Kikiwa kimetoboka mwambie mjomba, kingine kitakuja pamoja na karanga na dagaa.

Baba yako