Mkate wa Wagibeoni ulikaguliwa vizuri tu

Mhariri,

Kila unapozuka mjadala wa namna ya kumtambua mnafiki, wengi hukimbilia Mathayo 7:16, "mtawatambua kwa matunda yao", wakasahau kwamba mti hauzai siku unapopandwa. Tunachokiita tunda mara nyingi ni majani tu: sauti ya upole, machozi, mistari ya Maandiko kichwani.

Someni tena Yoshua 9, ambapo Wagibeoni, majirani wa Israeli, walijifanya wametoka nchi ya mbali ili wafanyiwe agano la amani. Tumezoea kuhubiriwa kwamba Israeli walidanganywa kwa uzembe. Sikubali. Waliwashuku wageni wale waziwazi kwamba huenda ni wa jirani, wakatazama mkate ulioingia koga, viriba vilivyopasuka, viatu vyenye viraka. Kilichowaponza ni kwamba ushahidi wote ulitoka katika mizigo ya watuhumiwa wenyewe, na mstari wa 14 unasema hawakutaka shauri kwa Bwana. Wakala kiapo cha kuwaacha hai. Siku 3 baadaye wakasikia kwamba wale "wa nchi ya mbali" ni majirani zao. Siku 3! Kiapo kingesubiri wiki moja tu, koga isingemfaa mtu.

Yusufu hakuwa na haraka hiyo. Katika Mwanzo 42 yeye ni mtawala Misri, na ndugu zake waliomwuza zamani wanakuja kununua chakula bila kumtambua. Hawajui kwamba anaelewa lugha yao, maana kuna mkalimani kati yao. Wanakiri wao kwa wao kwamba walimkosea ndugu yao. Ni majuto yasiyotafuta kuonwa na mtu. Nani angedai zaidi? Yusufu akajitenga, akalia. Kisha akarudi, akamfunga Simeoni. Kujutia jambo ni kimoja, kukataa kulirudia ni kingine, na hicho cha pili hakisikiki kwa sikio. Baadaye akampa Benyamini, mdogo wao, sehemu mara 5 kuliko wengine, nadhani ili aone kama wivu wa zamani ungali hai. Kikombe cha fedha, ambacho Yusufu mwenyewe aliamuru kifichwe, kikakutwa guniani mwa kijana huyo, na wengine wakaruhusiwa kwenda zao kwa amani. Nafasi ni ile ile ya zamani: mwacheni mdogo, mrudi kwa baba mkiwa salama. Yuda, aliyetoa wazo la kumwuza Yusufu, ndiye aliyeomba abaki mtumwa badala ya Benyamini (44:33). Hapo ndipo Yusufu aliposhindwa kujizuia, akajitambulisha.

Hakuna aliyetupa ruhusa ya kuficha vikombe katika mizigo ya watu, bila shaka. Lakini 1 Timotheo 3:10 inataka mashemasi wajaribiwe kwanza, na makanisa mengi hufanya kinyume: mgeni mwenye maombi marefu anakabidhiwa hazina kabla hajajulikana. Apewe kwanza kazi isiyo na sifa, kama kufungua jengo na kufagia. Akikabidhiwa fedha, ziwe kidogo, zihesabiwe na wawili. Atazamwe anapokataliwa ombi. Mithali 18:17 inaonya kwamba wa kwanza kueleza kesi yake huonekana ana haki, mpaka mwenzake aje kumchunguza. Basi barua ya sifa isiwe ile aliyokuja nayo mfukoni. Watumwe watu wawili wakaulize alikotoka, hata kama ni mwendo wa siku 3.