Kibali cha bwawa la nyumbani kiulize uzio

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumze na wahandisi wa manispaa zetu za Dar es Salaam kuhusu mabwawa ya kuogelea ya majumbani. Kazi yangu ni kuyajenga, zaidi Mbweni, Mbezi Beach na Kigamboni.

Ramani ninazokabidhiwa na wateja huwa zimeshagongwa mhuri. Nyumba imechorwa mpaka shimo la choo. Bwawa ni kiboksi tu nyuma ya baraza: hakuna kina, unene wa ukuta, nondo wala bomba la kutolea maji. Hayo yote yanaamuliwa na fundi pamoja na mfuko wa mwenye nyumba.

Bwawa la mita 8 kwa 4, lenye kina cha wastani cha mita 1.5, hubeba lita 48,000, karibu maboza matano ya lita 10,000. Siku ya kulisafisha, maji hayo yenye klorini humwagwa mtaani, yakaishia kwa jirani. Na pale ambapo maji ya ardhini yako juu, bwawa likiachwa tupu wakati wa masika husukumwa kutoka chini hadi likapasuka.

Lakini kubwa kwangu ni uzio. Nikimshauri mteja tuzungushie bwawa uzio wenye geti linalojifunga lenyewe, huniambia: "Fundi, nyumba ina ukuta na nyaya za umeme, nani ataingia?" Ukuta ule unazuia mwizi. Mtoto wa kuzama yuko ndani tayari: wa mwenye nyumba, wa dada wa kazi, wa shangazi aliyekuja Idi. Anatokea mlango wa jikoni watu wakiwa wanapakua pilau, na mtoto mdogo huzama kimya, hapigi kelele.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu 300,000 hivi walikufa maji mwaka 2021, karibu robo yao watoto wa chini ya miaka mitano. Sisemi ni mabwawa ya majumbani yaliyowaua. Maziwa, mito na visima vipo. Ila bwawa la nyumbani ni hatari tunayoichimba wenyewe, kwa ramani na kibali mkononi.

Ufaransa ilitunga sheria mwaka 2003: bwawa la nyumbani lililochimbwa ardhini lazima liwe na uzio, kifuniko, kengele ya tahadhari au banda la kulifunika. Kwetu naona tuanze na uzio. Hautegemei umeme, na fundi yeyote wa kuchomelea anautengeneza.

Naomba kibali cha nyumba yenye bwawa kisitoke bila mchoro wa bwawa lenyewe na uzio wake, usiopungua mita 1.2, usio na vyuma vya kulala ambavyo mtoto atavipanda. Na mkaguzi afike kuuona kabla boza la kwanza halijamwaga maji.

Fundi wa mabwawa,
Tegeta, Dar es Salaam